Ligi Isiyo na Uwanja

Ndugu zetu wa Visiwani huenda wakashangaa wakiambiwa kwamba katika Nyanda za Juu Kusini, baina ya Iringa na Mbeya, ipo ligi ya kandanda isiyo na mpira, isiyo na uwanja, isiyo na mwamuzi wala mtazamaji, na ambayo hata hivyo imeendeshwa kila msimu tangu mwaka 2013 bila kukatika. Timu zake ni kumi na mbili. Wenye timu ni watu wazima wenye kazi zao: walimu, muuguzi, bwana shamba, karani wa reli, mchuuzi wa mbao wa Mafinga na wengineo. Ligi yote imo ndani ya kauntabuku saba, nazo tumezishika kwa mikono yetu.

Utaratibu wao ni huu. Kabla ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara kuanza, wenye timu hukutana na kuteua wachezaji halisi kwa zamu. Aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye huteua wa kwanza. Mchezaji akishateuliwa na mmoja hawezi tena kuwa wa mwingine, na hapo ndipo mchezo huu unapopishana na ule wa kwenye simu unaoendeshwa na Ligi Kuu ya Uingereza tangu mwaka 2002, ambao watu zaidi ya milioni 10 duniani huucheza na ambao vijana wetu, Bara na Visiwani, wanaufahamu barabara. Kule watu milioni moja waweza kummiliki mshambuliaji mmoja kwa pamoja. Huku Mafinga ikimchukua, Tunduma imemkosa mpaka msimu uishe.

Kila mwisho wa juma timu moja ya daftari hupambana na nyingine, na hesabu hutoka katika yale waliyoyafanya wachezaji hao viwanjani. Bao ni pointi nne. Kipa na mabeki ambao lango lao halikuguswa hupata nne nne. Kadi nyekundu huondoa tatu. Pasi ya bao ilihesabiwa msimu wa kwanza tu kisha ikafutwa, kwa sababu redio na magazeti ya siku zile zilimtaja mfungaji na kumsahau aliyempa mpira. Yafaa msomaji aikumbuke kanuni hii iliyofutwa, maana ndani yake mna jambo tutakalolirudia.

Kwa nini 2013? Huo ndio msimu ambao Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, iliingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na kumaliza ya tatu, nyuma ya Azam iliyotwaa ubingwa bila kupoteza mchezo na Yanga iliyokuwa ya pili. Walioishi Mbeya msimu ule watakwambia jinsi Uwanja wa Sokoine ulivyojaa. Watu wa Mwanjelwa walifunga maduka. Marafiki wale kumi na wawili, ambao wengi wao walisoma pamoja na kisha wakatawanywa na uhamisho wa kikazi, walitafuta njia ya kuuishi msimu ule kwa pamoja ingawa mmoja yuko Ifunda na mwingine yuko Vwawa. Hawakuwa na njia ya kukaa jukwaa moja. Wakaanzisha daftari.

Jambo hili si geni ulimwenguni, na wenzetu wa Marekani wamelifanya kwa muda mrefu kuliko sisi katika mchezo wao wa besiboli. Mchezo huo una tabia moja inayoufanya uandikike kwa urahisi: kila tukio husimama peke yake. Mrushaji hurusha, mpigaji hupiga au hukosa, matokeo huandikwa, mwingine husimama. Katika karne ya 19 mwandishi Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia New York, aliwazoesha wasomaji wa magazeti kuona kila mchezo umepangwa katika jedwali, kila mchezaji na hesabu yake. Kutokana na majedwali hayo watu waliweza kuucheza mchezo upya mezani. Bwana mmoja wa Lancaster katika jimbo la Pennsylvania, J. Richard Seitz, alikuwa na ligi ya mezani pamoja na marafiki zake. Mwaka 1951 alipoanza kuuza mchezo wake mwenyewe aliuita APBA, herufi za mwanzo za jina la ligi ile ile ya marafiki. Mwaka 1961 Hal Richman akatoa mchezo wake, Strat-O-Matic, ambamo kila mchezaji halisi ana kadi yake yenye matokeo yaliyokadiriwa kutokana na hesabu za msimu wake. Dadu tatu zikirushwa, moja huamua safu ya kadi ya mpigaji au ya mrushaji, na jumla ya zile mbili hutoa matokeo. Kadi ya mpigaji hodari humpa mwenye nayo mabao mengi, kadi ya mpigaji dhaifu humpa machache, na msimu ukiwa mrefu wa kutosha haki hutendeka.

Jack Kerouac, mwandishi wa riwaya, alianza ligi yake ya kubuni akiwa mtoto katika mji wa Lowell. Aliwabuni wachezaji wake, akawaandikia habari zao kama za gazetini, na aliendelea nayo akiwa mtu mzima mwenye jina. Huyo alikuwa peke yake na ligi yake, na kwa maoni yetu hapo pana upweke. Ligi za marafiki ndizo zilizodumu na kuzaa nyingine, kama ile ya mwaka 1980 ya Daniel Okrent na wenzake wa New York, ambao walinunua wachezaji halisi kwa mnada na kuhesabu mafanikio yao msimu mzima. Mamilioni wachezao leo kwenye simu wametokana na meza kama hizo. Kuhusu dadu tuseme neno moja tu. Katika chuo tulimosomea juzuu zetu, dadu haikutajwa ila kwa kukemewa, na tulifarijika kuona kwamba wenzetu wa Nyanda za Juu hawaitumii.

Msimu wa 2019/2020 ulitaka kuwatia katika kishawishi hicho. Machi 2020 Ligi Kuu ilisimamishwa kwa ajili ya korona, na haikurejea mpaka Juni. Kule Marekani, besiboli iliposimama, watengenezaji wa Strat-O-Matic waliendelea kuucheza msimu kwa kompyuta na kutangaza matokeo kila siku, na watu waliyasoma kama habari. Walikuwa na mfano wa mwaka 1981, wachezaji walipogoma, hata mechi ya nyota wote ya Cleveland ikachezwa kwa kadi na dadu siku ile ile ambayo wachezaji wenyewe wangecheza. Mmoja wa wenye timu wa Mbeya alipendekeza jambo la namna hiyo. Wenzake walimkatalia kwa kura nane kwa tatu, na hoja iliyoandikwa katika kumbukumbu za mkutano ni fupi: mchezo usiochezwa hauna mfungaji. Wakasubiri. Miezi ile mitatu daftari lina kurasa tupu ambazo katibu alizipigia mistari na kuandika tarehe za kila juma, Jumamosi baada ya Jumamosi, pasipo jina hata moja.

Tuseme habari za katibu huyo, kwa kuwa ligi ya namna hii ni katibu. Alikuwa mwalimu wa sekondari katika Mkoa wa Iringa, naye kwa ajili ya heshima ya familia hatutamtaja jina. Kila Jumapili usiku alituma matokeo kwa ujumbe mfupi wa simu kwa watu kumi na mmoja, mmoja mmoja, miaka ile ambayo vocha ilikuwa ghali kuliko sasa. Alisikiliza redio mbili kwa wakati mmoja. Mara nyingi redio moja ilisema bao limefungwa na fulani na nyingine ikasema beki amejifunga, na hapo magomvi yalianza ambayo mgeni asingeamini kwamba ni magomvi juu ya kitu kisichokuwapo. Ndipo wakaweka kanuni kwamba bao ambalo halikushuhudiwa na vyanzo viwili halihesabiki. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kupita shule ya Serikali tuliitambua kanuni hiyo mara moja tulipoisoma, na tuliwauliza wameitoa wapi. Walisema waliiona inafaa tu.

Mwaka 2018 ligi ilikaribia kuvunjika. Vibanda vya kubashiri matokeo vilikuwa vimekwisha kuenea katika kila stendi, kuanzia Ipogolo mpaka Uyole, na kijana mwenye mkeka mkononi lilikuwa jambo la kawaida kama kijana mwenye karanga. Mwenye timu mmoja alitoa hoja kwamba kila mtu aweke shilingi 50,000 na bingwa achukue zote. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mchezo usio na kitu mezani haumpi mtu sababu ya kukesha. Mkutano wa mwaka hufanyika Makambako, kwa sababu ni katikati ya njia na reli ya TAZARA inapita hapo, na mwaka ule ulichukua siku mbili badala ya moja. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba karani wa reli alisimama akaeleza habari za mdogo wake aliyepoteza ada ya chuo kwa mikeka katika muhula mmoja, kisha akakaa, na hapakuwa na mwingine aliyetaka kusema kwa muda. Hoja ilishindwa. Watatu waliondoka. Wawili wamekwisha kurudi.

Kwa hiyo zawadi ya bingwa imebaki ilivyokuwa: gunia moja la viazi, ambalo hutolewa na aliyeshika mkia na kusafirishwa kwa gharama zake. Anayeishi Njombe hapati taabu. Bwana mmoja alihamishiwa kikazi Dodoma, akashika mkia akiwa huko, na akalazimika kununua viazi vya Makambako kwa bei ya Dodoma ili avirudishe Makambako.

Ndugu zetu maofisa wa Serikali wanaosoma safu hii huenda wanajiuliza kikundi kama hiki kimo katika fungu gani. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, linasimamia vyama na klabu za michezo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inasimamia, kwa upande wa Bara, michezo ambayo mtu huweka fedha akitarajia fedha. Marafiki hawa hawachezi mpira, wala hawaweki fedha. Ofisa mmoja wa wilaya, ambaye hatumlaumu kwa kuwa aliuliza kwa nia njema, aliwahi kuwataka walete katiba na orodha ya viongozi. Walimpelekea nakala ya kanuni zao, kurasa nne. Akazisoma, akacheka, akaomba kuingia. Hakukuwa na nafasi. Kwa maoni yetu watu kumi na wawili wenye daftari na gunia la viazi hawahitaji cheti, na ofisi yenye kazi nyingi isijiongezee kazi.

Mwalimu yule alifariki mwaka 2021, msimu ukiwa katikati. Wenzake walipokwenda kuhani, hakuna aliyethubutu kuulizia madaftari siku ile wala arobaini ya kwanza. Mechi ziliendelea viwanjani na hakuna aliyehesabu. Ulipopita mwezi wa pili walimtuma yule muuguzi, kwa kuwa ni mwanamke na alimjua mjane vizuri zaidi. Mjane alikuwa ameyafunga katika kanga na kuyaweka juu ya kabati. Hakuwa amejua yana nini. Mumewe alimwambia siku zote kwamba ni kazi ya kikundi, naye aliamini ni ya kuweka na kukopa, hata akawa na hofu kwamba marehemu ameacha deni. Muuguzi alikaa naye mchana kutwa akimsomea, ukurasa kwa ukurasa. Mama yule alisema kwamba sasa ndipo anaelewa kwa nini mumewe alikuwa akiinuka kitini redio ilipotaja jina la mtu ambaye hajawahi kumwona. Akayatoa madaftari kwa sharti moja: timu ya mumewe isifutwe, wala isipewe mgeni. Tangu msimu ule inaendeshwa na binti yao, aliyekuwa na miaka 16. Amekwisha kuchukua viazi mara moja.

Majuma yale tisa yaliyokuwa hayajahesabiwa waliyatafuta katika magazeti ya zamani, na hapa ndipo tulipotaka kufika.

Iringa ilikuwa na Lipuli. Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, mwaka 2019 ikaitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Azam bao moja kwa bila katika fainali iliyochezwa Lindi, kisha mwaka 2020 ikashuka. Mbarali ilikuwa na Ihefu. Novemba 29, 2022, katika uwanja wa Highland Estate, Ubaruku, Ihefu iliifunga Yanga mabao mawili kwa moja na kukomesha mwendo wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Siku ile, katika daftari, mwenye timu mmoja aliyekuwa amewateua mabeki wawili wa Yanga na mshambuliaji mmoja wa Ihefu hakujua afurahi au anune. Mwaka 2024 Ihefu ilihamia Singida na kubadili jina kuwa Singida Black Stars, na wenye timu wakabishana kama hesabu za mchezaji zinamfuata au zinabaki Mbarali. Waliamua zimfuate. Mipaka yenyewe ya utawala imehama chini ya miguu yao: ligi ilianza muda mfupi baada ya Njombe kumegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya, hata wanachama wa mikoa mitatu wakawa wa mikoa minne pasipo kuhama nyumba.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya wilaya, ya mji mdogo wa mvua na chai chini ya Mlima Rungwe, ilipanda daraja na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara msimu huo huo. Hakuna timu ya Nyanda za Juu iliyokwisha kutushangaza kama hiyo. Nenda leo Tukuyu uulize msimu ule ulikwendaje mchezo kwa mchezo, nani alifunga Jumamosi ipi, lango halikuguswa mara ngapi. Utaelekezwa kwa mzee, naye atakusimulia vizuri sana, kisha utaelekezwa kwa mzee mwingine, naye atakusimulia vizuri vile vile mambo tofauti. Bwana shamba wa kikundi hiki alipendekeza wauteue msimu wa 1986 na kuucheza upya katika daftari, kama Wamarekani wanavyoicheza upya misimu ya babu zao. Walishindwa hata kuanza. Wamarekani wana jedwali la kila mchezo tangu enzi za Chadwick. Sisi tuna msimamo wa mwisho wa ligi na kumbukumbu za wazee.

Visiwani mambo si tofauti sana. Mlandege ilichukua Kombe la Mapinduzi mwaka 2023, ikalichukua tena mwaka 2024 kwa kuifunga Simba. Barazani Unguja, baina ya bao na dhumna, habari hizo zimekwisha kugeuka hadithi, kila msimulizi na mfungaji wake. Hatuna ugomvi na hadithi. Lakini mtoto wa Mlandege atakayetaka, miaka 30 ijayo, kuendesha ligi ya daftari na wenzake kwa wachezaji wa miaka hii ataomba karatasi, na itafaa awepo mtu wa kumpa.

Shirikisho na Bodi ya Ligi zina tovuti siku hizi, na misimu ya karibuni imeandikwa vizuri zaidi kuliko ya zamani. Pasi ya bao sasa inatajwa, na msimu ujao kikundi kinakusudia kuirejesha katika hesabu. Haja yetu ni ya yale ya nyuma, na ya madaraja ya chini ambako timu za wilaya hupanda na kushuka bila ya kuandikwa. Kila mchezo una ripoti ya mwamuzi na ya kamishna. Ripoti hizo hupelekwa, husomwa, hutumika kutoa adhabu, kisha hulala katika makabati ya vyama vya mikoa mpaka ofisi inapohama au paa linapovuja. Tungependekeza kwa maofisa utamaduni na michezo wa Iringa na Mbeya, na wa Njombe na Songwe, kila mmoja aulize ofisi ya chama cha mpira cha mkoa wake ina nini kabatini, na kilichomo kinakiliwe na kuwekwa katika maktaba ya mkoa, mahali ambapo raia anaweza kukiomba. Wazee wa Tukuyu Stars wangali hai baadhi yao. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kinasa sauti na nauli ya basi kutoka Mbeya mjini angeweza kuifanya kazi hiyo likizo moja.

Kikundi chenyewe kimekwisha kutoa kauntabuku zote saba zipigwe picha, ukurasa kwa ukurasa, na mchuuzi wa mbao amejitolea gharama. Wameomba tu kwamba zile kurasa za Machi hadi Juni 2020 zisirukwe.